Niko Poa, Usijali

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili usiku. Mimi niko sebuleni kwetu Kijitonyama, mume wangu yuko Australia Magharibi, na kule kwake tayari saa saba usiku. Tumemaliza mazungumzo yetu ya kila siku: umekula, nimekula, kazi vipi, kazi nzuri, fundi wa Goba kafika wapi, fundi yuko kwenye lenta. Nikamwambia lala salama. Kabla sijakata simu, kutoka kwenye kona karibu na dirisha, sauti nyembamba ikadakia kwa kasi: "Niko poa usijali, niko poa usijali, baibai!"

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Hiyo sentensi kaipata wapi?"

"Labda kwenye tamthilia," nikamjibu.

Nilimdanganya. Chiriku, ndege wetu, hakuwa na mwalimu mwingine zaidi yangu. Ndege wa aina yake hushika kile anachokisikia mara kwa mara, na hayo ndiyo maneno niliyoyasema kuliko yote ndani ya nyumba ile. Niliyasema kwa mume wangu, kwa mama yangu, kwa mama mkwe, kwa mashoga zangu. Na hayakuwa kweli.

Ngoja niwaanzie mwanzo. Tulikuwa na miezi 14 tu kwenye ndoa mume wangu alipopata mkataba wa miaka 2 kwenye migodi ya chuma ya Pilbara, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini mwa jiji la Perth. Yeye ni mhandisi wa mitambo, na nafasi kama ile haiji mara mbili. Tukakaa mezani tukapiga hesabu. Mimi nafanya kazi benki na nilikuwa nimetoka kupandishwa cheo. Kiwanja chetu cha Goba kilikuwa na msingi tu, majani yameanza kuota katikati. Tukakubaliana aende, mimi nibaki, pesa ijenge. Miaka 2 si mingi. Mashoga zangu walisema nimepata bahati. Mama mkwe akanishika mkono akaniambia, "Vumilia mwanangu, mwanaume kutafuta."

Wiki moja kabla ya safari, mume wangu aliingia na tundu lililofunikwa khanga. Alipoifunua, nikamwona kandege ka bluu, kadogo kuliko kiganja changu, kana mistari myeusi mgongoni na mkia mrefu. "Huyu atakuongelesha mpaka nirudi," akasema.

Wengi mjini huwachanganya ndege hawa na wale kasuku wadogo wenye uso wa rangi ya chungwa, ambao ni wa kwetu kabisa, asili yao maeneo ya Serengeti na kandokando yake. Chiriku si wa kwetu. Anaitwa bajerigari, na kwao ni Australia, kule kule alikokuwa anakwenda mume wangu. Muuzaji alituambia mambo mawili. La kwanza, ukitaka kujua dume tazama juu ya mdomo penye matundu ya pua: dume mzima huwa na rangi ya bluu hapo, jike huwa na kahawia. La pili, "Ukitaka aongee, mweke peke yake. Mkiwa wawili wewe na yeye, hana budi aongee na wewe." Akatuuzia na kioo kidogo cha kuning'iniza tunduni. Tukampa jina la Chiriku kwa sababu ya makelele yake, ingawa chiriku ni ndege mwingine kabisa.

Msinicheke, lakini yule ndege alinisaidia. Nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja, napigwa na foleni, nafungua mlango saa moja nikiwa nimechoka mbaya, na badala ya giza kuna mtu ananipokea. Mtu wa gramu 30 na kitu, lakini mtu. Nikawa namhadithia siku yangu huku navua viatu. Mwezi wa nne akaanza kuongea. Kwanza jina lake, halafu "karibu", halafu "umeme umekatika". Nikasoma kwamba kulikuwa na bajerigari mmoja Marekani, jina lake Puck, aliyeingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness cha 1995 kwa kujua maneno 1,728. Nikamwambia Chiriku, mwanangu, jitahidi, wenzako hao.

Huku nyuma, simu zetu na mume wangu zilikuwa zinafupika. Si kwamba tuligombana. Tungegombana ingekuwa afadhali. Yeye alikuwa anafanya kazi wiki mbili mfululizo, saa 12 kwa siku, halafu wiki moja ya mapumziko. Tofauti ya saa ni 5. Mimi nikipata nafasi ya kuongea, yeye amelala. Yeye akiamka, mimi ndiyo kwanza usingizi mzito. Kwa hiyo tukawa na zile dakika zetu kumi za kuulizana kama tumekula. Hatukuruka hata siku moja, na nilijivunia hilo. Shoga yangu akilalamika kwamba mume wake anapitisha siku mbili bila kumpigia, mimi nasema moyoni, sisi tunaongea kila siku.

Hata kuna kaka mmoja wa idara ya mikopo aliyeanza kunisindikiza chakula cha mchana. Naye aliniuliza kama nimekula. Tofauti ni kwamba alisubiri jibu. Hakuna kilichotokea, naapa. Lakini nilianza kufuta meseji zake kabla sijafika nyumbani. Dada yangu unayesoma hapa, wewe unajua: meseji isiyo na ubaya haifutwi.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Jumatatu yake niliamka nikamkuta Chiriku ametulia pembeni mwa tundu, amejitunisha manyoya kama mpira, macho nusu yamefumba. Haongei. Nikatazama kikombe cha chakula, kimejaa. Maji yapo. Nikaenda kazini. Niliporudi jioni alikuwa chini kabisa, kwenye sakafu ya tundu, anapumua mkia ukipanda na kushuka. Kikombe bado kimejaa. Nikambeba na tundu lake, nikaingia kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari, baba mmoja wa makamo, hakumgusa ndege kwanza. Aliinamia kile kikombe cha chakula, akapuliza. Fyuuu! Makapi yote yakaruka, yakatapakaa mezani. Chini hapakuwa na hata punje kumi.

"Mama," akaniambia taratibu, "huyu hali mbegu na ganda lake. Anaimenya, anakula kiini, ganda linabaki humo humo juu. Ukitazama unaona kikombe kimejaa. Huyu ana njaa."

Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia. Siku ngapi? Sijui. Ndege mdogo hivi hana akiba mwilini, siku moja au mbili bila chakula inatosha kummaliza. Nikauliza, mbona hakuonyesha? Mbona Jumamosi aliongea na kuchangamka kabisa? Daktari akanieleza kwamba ndivyo walivyoumbwa. Porini wanaishi kundini, na kipanga akilitazama kundi humchukua yule anayeonekana dhaifu. Kwa hiyo bajerigari anaumwa kimyakimya. Atasimama kwenye kijiti chake, atajipanga vizuri, mpaka siku ambayo nguvu zimeisha kabisa. Ukiona amejitunisha na yuko chini, ujue ameanza kuumwa zamani.

Akampa majimaji kwa bomba dogo la sindano, akampasha joto kwa taa, akatuambia tungoje. Nikiwa nangoja, akaniuliza, "Mwenzake yuko wapi?" Nikamwambia yuko peke yake, muuzaji alisema wakiwa wawili hawaongei. Akatikisa kichwa. "Anaongea sana kwa sababu hana wa kuongea naye. Na hicho kioo kitoe. Anakilisha chakula akidhani ni mwenzake, kioo hakimlishi yeye."

Chiriku alipona. Usiku ule mume wangu alipopiga akaniuliza vipi hali. Nikiwa na macho yaliyovimba, nikafungua mdomo nikasema, "Niko poa, usijali." Nikajisikia nasema. Ni sauti ile ile ya ndege.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, nikapata video kwenye WhatsApp. Gari lao la kazini lilikuwa limesimama karibu na birika la kunyweshea ng'ombe kwenye shamba moja kubwa la mifugo. Nchi ni nyekundu, kavu, nyasi zimeota mafungu mafungu. Kwanza unasikia, kabla hujaona. Halafu wanatokea kutoka nyuma ya mti mmoja: mia, halafu maelfu, wote kijani na kichwa cha njano, wanageuka pamoja angani kama shuka moja inayokung'utwa. Wakigeuka huku ni kijani, wakigeuka kule ni njano. Wanashuka kwenye maji, wanakunywa haraka, wanaruka, kundi lingine linashuka. Mume wangu anasikika anasema peke yake, kwa Kiswahili, katikati ya jangwa: "Mke wangu, ona ndugu zake Chiriku."

Baadaye nilisoma habari zao mpaka usiku. Bajerigari wa porini hana kwao pamoja. Anaishi katikati ya Australia, kwenye ukame, na anafuata mvua. Ikinyesha mahali, nyasi zikazaa mbegu, makundi yanahamia. Zikiisha, yanaondoka. Mvua ikiwa nzuri wanazaa: jike anaingia kwenye shimo la mti, anataga mayai 4 hadi 6, anayaatamia kwa siku kama 18. Muda wote huo dume ndiye anayekwenda kutafuta mbegu, anarudi anamlisha mdomoni pale mlangoni. Huyo wa bluu niliye naye mimi ni mtoto wa vizimbani. Mwingereza John Gould aliwapeleka wakiwa hai Uingereza mwaka 1840, wakazalishwa Ulaya nzima, na mwishoni mwa karne ile akatokea wa bluu, ambaye mwili wake umeshindwa kutengeneza rangi ya njano. Ukichukua kijani ukatoa njano, inabaki bluu. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba wameipata hata jini inayosababisha hilo.

Lakini siku ile alfajiri sikujua yote hayo. Nilichofanya ni kuisogeza simu karibu na tundu, nikaongeza sauti.

Chiriku aliganda. Manyoya yakalala mwilini, akawa mwembamba kama kidole. Halafu akaita. Si "karibu", si "niko poa". Mlio mmoja mfupi ambao sijawahi kumsikia akiutoa. Akanyamaza, akasikiliza. Akaita tena. Akaja mpaka kwenye nyaya za tundu, akaning'inia kwa mdomo na miguu, anatazama simu yangu. Video ina sekunde 48. Ilipokwisha, aliendelea kuita. Nikairudisha, akaita. Ikaisha, akaita. Nikakaa chini kwenye kapeti nikiwa na gauni la kulalia na nikalia kama mtoto, na nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu nipandishwe cheo.

Jioni ile mume wangu alipiga akiwa na habari. Kampuni imeridhika naye, wanataka kumwongezea miaka 2 mingine mkataba huu ukiisha. Mshahara unapanda. Tukikaza, nyumba ya Goba itaisha na vigae na geti. "Unasemaje, mke wangu?"

Nilijua jibu lililotarajiwa. Lilikuwa mdomoni tayari. Nikatazama tundu, nikaona kikombe, na nikakumbuka yule daktari anavyopuliza.

Nikamwambia, "Siko poa."

Nilimwambia yote. Kwamba nakula chakula cha usiku nimesimama jikoni kwa sababu kukaa mezani peke yangu kunaniuma. Kwamba nilimwua ndege wake karibu. Kwamba simu zetu za kila siku ni makapi, zinaonekana zimejaa na ndani hamna kitu. Na nikamwambia habari za yule kaka wa mikopo, pamoja na meseji nilizofuta. Hapo alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani mtandao umekata. Nikaita jina lake. Akasema, "Nipo."

Halafu na yeye akaanza. Kumbe naye hana raha. Kumbe anarudi kwenye chumba chake cha kambini, kitanda kimoja na friji ndogo, anawasha televisheni ili kuwe na sauti. Kumbe alidhani mimi ndiye ninayeitaka sana ile nyumba, na mimi nilidhani yeye ndiye anayeitaka sana ile kazi. Kila mmoja alikuwa anamvumilia mwenzake kwa ajili ya kitu ambacho mwenzake hakukitaka hivyo. Tulianza kuongea saa nne usiku kwangu. Tulipomaliza ilikuwa saa sita na nusu, na kwake mbingu zimeanza kuwa nyekundu. Hakulala. Aliniambia baadaye kwamba habari ya yule kaka ilimkaa kifuani wiki nzima, na hakunificha hilo. Mimi nilihamia meza nyingine wakati wa chakula cha mchana.

Hakuongeza mkataba. Wiki iliyofuata nilikwenda kutafuta mwenzake Chiriku, jike wa kijani, rangi ile ile ya kule porini. Daktari aliniambia nimweke chumba tofauti kwa takriban mwezi mmoja kwanza, nihakikishe hana ugonjwa. Chiriku alimsikia kupitia ukutani kabla hajamwona. Ule mlio mfupi ulirudi, safari hii ukajibiwa.

Muuzaji alisema kweli kuhusu jambo moja. Siku hizi Chiriku haongei Kiswahili sana. Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hakulisema. Mwaka 2000 watafiti walichapisha matokeo kwamba bajerigari dume na jike wakianza kuishi pamoja, milio yao ya kuitana inaanza kufanana, na anayebadilisha wake ni dume. Anajifunza kuita kama anavyoita jike. Nilipomsomea mume wangu alisema, "Kwa hiyo kosa langu ni kujifunza 'niko poa' kutoka kwako." Tukacheka, kicheko cha kweli.

Kama na wewe umeshawishika kununua ndege hawa, nisikilize mimi niliyefanya makosa. Chukua wawili. Tundu liwe pana kuliko refu, maana wanaruka kwenda mbele, hawapandi juu kama helikopta. Usiwape parachichi hata kipande, ni sumu kwao, na chokoleti vilevile. Kikaango kisichoshika chakula kikiachwa motoni mpaka kikapata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi sana, kwa hiyo tundu lisikae jikoni. Kama hutaki vifaranga, usiwawekee sanduku la kutagia. Wanaishi miaka 5 hadi 10, si zawadi ya msimu. Na kila asubuhi, kabla hujanywa chai, puliza kikombe.

Mume wangu alirudi mwaka jana. Tumehamia Goba. Nyumba ina paa na madirisha, haina dari wala vigae, tunatembea kwenye saruji, na mvua ikinyesha huwezi kusikia televisheni. Mama mkwe alipokuja kututembelea alitazama juu, akatazama chini, akasema, "Mngevumilia kidogo wanangu." Tukamkaribisha chai.

Bado tunaulizana "vipi leo?" tukikutana jioni, kama watu wote. Ila mmoja wetu akijibu haraka haraka "poa", mwingine anasogeza mdomo karibu na sikio lake na kupuliza. Fyuuu. Hapo ndipo tunaanza kuongea.